Wanaokwenda Kupona na Wanaokwenda Kulinda

Vitabu vya safari za kiroho vina mwendo unaojulikana. Mtu wa mjini amechoka, au ana jambo lililoshindikana hospitalini. Anapanda ndege na wenzake, anafika kwa wafugaji wanaohamahama, mganga anampigia ngoma, analia, anarudi kwao mwepesi. Ukishasoma vitatu, cha nne unajua kitakavyoisha.

Kilicho bora ninachokijua katika kundi hilo ni The Horse Boy cha Rupert Isaacson, kilichotoka mwaka 2009. Miaka miwili kabla, Isaacson na mkewe walimchukua mtoto wao mwenye usonji, wakapita naye Mongolia kwa farasi kutafuta waganga, mpaka kwa Watsaatan, wafugaji wa kulungu wa kaskazini. Ni kitabu cha baba anayempenda mwanawe, tena baba mkweli: anasema mtoto alipata nafuu kubwa, lakini hadai kwamba usonji uliondoka. Mzazi yeyote wa Musoma aliyewahi kuzunguka na mtoto mgonjwa, leo zahanati, kesho kwa mchungaji, keshokutwa kwa mganga, atamwelewa tangu mwanzo.

Sina ugomvi na baba huyo. Ugomvi wangu ni na umbo la hadithi yenyewe, ambamo nchi ya watu inageuka hospitali, na mganga anapimwa kwa swali moja tu: je, mgeni alipona? Waganga wa Mongolia walisakwa na kuuawa na dola katika miaka ya 1930, na kazi yao ikaendelea kubanwa mpaka mageuzi ya 1990. Ngoma ile ina deni kwa watu wake, hai na wafu. Hadithi inayomfuata mgonjwa peke yake haiwezi kulibeba deni hilo, hata mwandishi awe na moyo mzuri kiasi gani.

Nimeliona hilo wazi zaidi baada ya kusoma Imagining Serengeti, kitabu cha mwanahistoria Mmarekani Jan Bender Shetler kilichotoka mwaka 2007. Shetler hakukaa na wazee wa Mara sebuleni tu. Alikwenda nao mpaka mahali penyewe, kwenye vilima, chemchemi na mahame, kwa sababu kumbukumbu zao zimeshikamana na ardhi. Huko ndiko kwenye emisambwa, mizimu ya waliotangulia ambayo bado inaangalia mvua, mazao na uzazi. Nguvu ya kitabu ni kwamba mahali hapo pana wenyewe, na wenyewe wana kazi ya kufanya.

Sehemu iliyonishika ni ile ya kukerera. Miongoni mwa Waikoma, Wanata na majirani zao, kila baada ya miaka minane rika linalopokea zamu ya ulinzi huizunguka nchi kwa miguu na dawa ya kinga. Hii pia ni safari ya kiroho, tena ya kikundi. Ila anayetembea hatafuti kupona. Ni zamu yake, na asipoitimiza watakaoumia ni wengine.

Mtu anaweza kunijibu kwamba hata watu wa Mara walikwenda kwa wageni kutafuta msaada. Ni kweli. Waikoma wana machaba, pembe za ndovu ambazo kwa simulizi zao walizipata kwa nabii wa Wataturu, wafugaji wenye lugha na mila tofauti kabisa na zao. Kwa hiyo kwenda kwa mganga wa watu wengine si kosa. Lakini walirudi na kitu cha kutunza na kukifanyia ibada, kizazi baada ya kizazi. Uhusiano haukuisha siku waliyopata walichotaka. Hicho ndicho sikioni kwenye vitabu vya wasafiri.

Shetler naye ana upungufu. Katika Imagining Serengeti wanaozungumza zaidi ni wanaume wazee. Huko Ikizu, wilayani Bunda, anayekumbukwa kama mtemi wa kwanza ni mwanamke, Nyakinywa, mleta mvua aliyetoka Kanadi upande wa Usukuma akakutana na Isamongo wa mlima Chamuriho. Inashangaza kuupata mwanzo huo kwa midomo ya wanaume zaidi. Mwandishi mwenyewe aliirudia kazi hiyo mwaka 2019 katika Claiming Civic Virtue, safari hii akifuata kumbukumbu za wanawake, ambazo hazijifungi ndani ya kabila moja. Ni mwandishi adimu anayejisahihisha kwa kitabu kizima.

Lakini vyote viwili ni vya Kiingereza. Historia ambazo wenyeji waliandika kwa Kiswahili zilikusanywa mwaka 2003 katika Telling Our Own Stories, kitabu kilichochapishwa Leiden, mbali sana na Nyamuswa.

Wakati huohuo, zamu zinakatika. Tangu Hifadhi ya Serengeti ianzishwe mwaka 1951, baadhi ya mahame na sehemu za matambiko zimebaki ndani ya mipaka yake. Mzee anaomba ruhusa kwenda kwa babu yake, na mtalii analipa kiingilio kwenda kuona nyumbu.

Butiama nako watu wanakuja kwa makundi, hadi kutoka Uganda, kwenye kaburi la Mwalimu pale Mwitongo, wakimwombea Mtumishi wa Mungu ambaye mchakato wake Jimbo la Musoma liliufungua mwaka 2005. Aliyelala pale alizaliwa siku ya mvua, akapewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua. Mtu anaweza kupiga magoti, akapiga picha na kurudi kwenye basi bila kukutana na jina hilo.

Natamani kusoma kitabu cha Kiswahili kitakachoandikwa na kijana wa Bunda au Butiama aliyekwenda na wazee wake, wanaume kwa wanawake, mpaka mahali penyewe. Sitamuuliza kama alibadilika ndani. Nitataka kujua alikabidhiwa nini, na zamu inayofuata ni ya nani.