Moshi Hupanda, Gesi Hushuka

Kati ya mwaka 1998 na 2001, shirika la ITDG, ambalo leo linaitwa Practical Action, lilifanya utafiti wa moshi wa jikoni katika maboma ya Wamaasai hapa Kajiado na katika nyumba za vijijini magharibi mwa Kenya. Kwa maoni yangu, ni kati ya kazi bora za elimu ya moto zilizowahi kufanyika nchini. Mpangaji wa mtaa wa Noonkopir anayepikia mtungi wa gesi wa kilo 6 leo anauhitaji utafiti huo kama alivyouhitaji mama wa boma wakati ule.

Nyumba ya asili ya Kimaasai hujengwa na mwanamke mwenyewe: fito zilizosukwa, kisha zikakandikwa kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Paa ni la chini na matundu ya mwanga ni madogo. Moto huwashwa humo humo ndani, karibu na vitanda. Kabla ya kubadilisha chochote, watafiti walipima chembechembe za moshi na kaboni monoksaidi hewani. Kisha wakakaa na akina mama kutafuta suluhisho, kwa kuwa wao ndio wajenzi na ndio wapishi.

Kuni zikipata joto hutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayowaka. Ikikosa hewa ya kutosha, au ikigonga sufuria baridi kabla haijamaliza kuwaka, sehemu yake hubaki njiani. Salio hilo ndilo moshi. Hata umanjano wa mwali ni masizi yanayong'aa kwa joto.

Yalijaribiwa madirisha mapana na nafasi chini ya paa, lakini kilichonivutia zaidi ni kofia ya bati iliyowekwa juu ya mafiga, na dohani inayotoboa paa. Ukiitazama unaona kifaa rahisi, kumbe kina hesabu ngumu. Moshi unapopanda huvuta hewa ya pembeni na kuzidi kupanuka. Kofia ikikaa juu mno, moshi unakuwa umeshaizidi upana unapoifikia, na unamwagika chumbani. Ikikaa chini mno, mama hana pa kupitisha mwiko. Dohani nayo huvuta vizuri ikiwa ndefu na yenye joto, lakini hewa inayotoka lazima iwe na pa kuingilia. Nyumba ikizibwa kila upande, mvuto hufifia. Tena bomba lenye joto linapita kati ya fito kavu, kwa hiyo fundi hana budi kuacha nafasi kati ya bati na mti.

Kofia zile zilipunguza chembechembe za moshi kwa zaidi ya nusu. Ni mafanikio makubwa, ila hayakutosha, na sababu yake ilionekana Laikipia. Mwaka 2001 Majid Ezzati na Daniel Kammen walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti wao wa kaya 55 za eneo la Mpala. Waligundua kwamba hatari ya maradhi ya kifua huongezeka kwa kasi zaidi pale moshi unapokuwa chini ya mikrogramu 1,000 hadi 2,000 kwa mita moja ya ujazo; juu ya hapo, kasi inapungua. Maana yake, kuutoa moshi kwenye kiwango cha kutisha hadi cha wastani kunaleta nafuu, lakini nafuu kubwa zaidi iko katika hatua za mwisho, karibu na hewa safi. Kofia huondoa moshi bila kuubadilisha mwali unaouzaa.

Gesi ya mtungi huubadilisha mwali wenyewe. Huchanganyika na hewa kabla ya kuwaka, ndiyo maana mwali wake ni wa buluu usio na masizi. Jiko lako likianza kutoa mwali wa manjano, hewa haiingii vizuri, lisafishe. Kwa mapafu ya mama na mtoto, gesi ni hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote.

Lakini moshi wa moto hupanda, nayo gesi ikivuja hushuka, kwa kuwa propani ni nzito kuliko hewa takriban mara moja na nusu, na butani mara mbili. Chukua chumba cha ploti cha futi 10 kwa 10, chenye kimo cha futi 8. Gesi huanza kuweza kulipuka ikifika takriban asilimia 2 ya hewa. Kwa chumba hicho, kilo moja hivi ikisambaa sawasawa inatosha, na mtungi una kilo 6. Kwa kuwa gesi hutulia sakafuni kwanza, hata chini ya kilo moja inaweza kuufikia moto wa koroboi au cheche ya swichi. Embakasi, usiku wa 1 Februari 2024, wingu la gesi lilitanda kabla ya kushika moto, likaua na kujeruhi watu waliokuwa mbali na mahali ilipovuja.

Kwa hiyo tundu la hewa lililo juu ya dirisha, ambalo wenye ploti wengi huliona limetosha, linasaidia kutoa moshi kuliko gesi. Linalohitajika ni tundu jingine usawa wa sakafu, kwenye ukuta wa nje, lisiloelekea mtaroni wala kwenye korido. Ukisikia harufu, funga koki ya mtungi, usiguse swichi yoyote, fungua mlango na utoke na watoto. Mlango ndio unaofika chini. Na hapo pia pana tatizo: kizingiti cha saruji kinachojengwa mlangoni kuzuia maji ya mvua huizuia gesi isitoke. Mwenye ploti anayejenga kizingiti hicho na atoboe tundu la chini siku hiyo hiyo, fundi akiwa bado yuko kazini na saruji ikiwa mbichi.