Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Jengo la Tiba Gitega

Tangu sheria ilipoufanya Gitega mji mkuu wa kisiasa wa Burundi mwaka 2019, ofisi mpya zinahitajika, za madaktari zikiwemo. Je, zikijengwa jirani na boma la Wajerumani na Makumbusho ya Taifa ya mwaka 1955, ziweje?

Tunapata mfano Muyinga: maktaba ya shule ya watoto viziwi, iliyokamilika mwaka 2012 kwa usanifu wa BC Architects wa Brussels. Kuta ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa, paa ni la vigae vya kuchoma, na ubavuni kuna baraza refu lenye asili katika nyumba za Kirundi. Jengo ni geni, lakini limefuata upatanisho wa mahali pake, kama neno "kitabu" lilivyotoka Kiarabu likapata wingi "vitabu".

Hata hivyo, hatushauri kunakili. Uwazi unaomfaa msomaji humvunjia mgonjwa siri yake. Aidha, chumba cha tiba hutaka kuta zinazosafishika kwa dawa. Kinachofaa kuazimwa ni kimo cha wastani, kivuli na baraza la kungojea. Hospitali ya Butaro, Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011, iliweka njia zake nje ya vyumba ili kupunguza maambukizi ya kifua kikuu. Jengo la vioo lisilo na baraza humwacha mgonjwa juani, hata likipendeza namna gani.

Tunawaalika walimu waitumie mada hii katika insha: mwanafunzi aeleze kwanza mgonjwa atakaa wapi, ndipo aeleze ukuta.