Fani ya Ukurasa wa Tetere

Kitabu cha kutambulia ndege hutumika zaidi kuliko kinavyosomwa. Mtazama ndege hukifungua juani, hufuatisha picha kwa kidole, akishapata jina hukifunga. Nataka kukisoma kama tunavyosoma utenzi, kwa kuangalia fani. Nachukua Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mwaka 2002 na kukusanya spishi 1,388 za Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Picha ziko ukurasa mmoja, maelezo na ramani ukurasa unaoukabili.

Ukurasa wa picha ni gwaride la utambulisho. Ndege wamesimama ubavu, wengi wakitazama upande mmoja, hakuna tawi linaloficha mkia wala jua la saa saba linaloua rangi. Mtindo huu ulishika kasi mwaka 1934, Roger Tory Peterson alipochapisha mwongozo wake huko Marekani: michoro iliyorahisishwa, na vistari vinavyolielekeza jicho kwenye alama inayomtenga ndege mmoja na wanaofanana naye. Tangu hapo kila ndege huchorwa kwa ajili ya jirani yake. Doa ambalo porini lisingekushughulisha linapata uzito kwa sababu anayefuata hana.

Chukua tetere watatu ambao mtu anayejitolea kuorodhesha ndege atakutana nao tena na tena: Streptopelia semitorquata, S. decipiens na S. capicola. Wote wana utepe mweusi nyuma ya shingo, kwa hiyo shingo haikusaidii kitu. Msomaji anapelekwa kwenye jicho. Wa kwanza ana jicho jekundu lililozungukwa na ngozi nyekundu, wa pili ana ngozi nyekundu vilevile lakini mboni yake ni ya manjano hafifu, na wa tatu jicho lake ni jeusi. Kwenye karatasi tofauti hii ni wazi kabisa. Juu ya mwembe, kwa darubini ya kuazima, unachoona ni kitone cheusi. Hapo ndipo mkia unapookoa: capicola akiruka huonyesha weupe kwenye kingo na pembe za mkia, semitorquata hana weupe huo. Ila sharti aruke.

Kwa maoni yangu, ukurasa wa maelezo ndio wenye ustadi zaidi, ingawa hausifiwi. Sentensi zimekatwa hadi mfupa, vitenzi vimepunguzwa, na katika ubahili huo sauti imepewa sehemu yake maalumu. Kwa tetere sauti ndiyo inayomaliza ubishi. Aliyezoea kuhesabu mizani atawatenga hata akiwa amefumba macho: capicola anarudia mizani tatu bila kuchoka, ya kati ikiwa nzito, semitorquata ana sita, mbili kwanza, kisha nne, decipiens huachia mkoromo mrefu unaoteremka. Picha haiwezi kubeba jambo linalotokea kwa zamu ndani ya muda. Mwandishi anaweza, kwa sababu maneno nayo hupita moja baada ya jingine.

Udhaifu wa picha unajianika kwenye kurasa za sistikola, vindege vya kahawia vya nyasini na vichakani ambavyo Hubert Lynes, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliviandikia tasnifu nzima mwaka 1930. Wachoraji wamefanya walichoweza: huyu mdomo mnene, yule kichwa chenye wekundu zaidi. Lakini ukurasa umejaa kahawia, na naona ni uaminifu kwamba hawakuzidisha rangi ili kuturahisishia. Anayetaka jina asubiri ndege aimbe au apae na kucheza hewani.

Jina hilo linakwenda kwenye orodha, na orodha nayo ina fani yake. Katika Kenya Bird Map, mradi ulioanza mwaka 2013, nchi imegawanywa katika miraba yenye upande wa takriban kilomita 9. Orodha kamili hudai angalau saa mbili za kutafuta kwa bidii na huweza kuendelea hadi siku 5. Ndege huandikwa kwa mfuatano wa kupatikana, na aliyesikika ana haki sawa na aliyeonekana. Napenda sana mfuatano huo, maana unairudisha saa ambayo ukurasa wa picha uliifuta. Lakini kanuni hudai uhakika: usiyemtambua humwandiki kwa kubahatisha. Sistikola aliyenyamaza anaachwa nje. Mvua zikikatika, kuzaliana kukaisha na uimbaji ukapungua, majina yao yanaweza kuadimika kwenye orodha za mraba uleule, na anayezisoma baadaye akiwa mezani akadhani ndege wamehama, kumbe wako palepale kwenye nyasi, kimya.