Mpimaji Asiye na Hisa

Magharibi ya Marekani, karne ya 19, ilijaa watu wenye sababu ya kulisemea jiwe uongo. Mchimbaji alitaka lionekane tajiri, mnunuzi alitaka lionekane hohehahe, na muuza hisa alitaka livume kabla halijapimwa. Katikati yao alikaa mpimaji wa madini. Wapo waliouza majibu. Mpimaji wa kweli alidai ujira uleule, jibu likiwa tamu au chungu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya moto na subira. Mbale zilisagwa zikawa unga, zikachanganywa na oksidi ya risasi, magadi na boraksi, zikatiwa kwenye kalibu. Tanurini risasi ilizama chini ikiwa imebeba dhahabu na fedha, huku takataka za mwamba zikielea juu na kupoa kama kioo. Tonge lile la risasi liliwekwa kwenye kikombe cha majivu ya mifupa, likarudishwa motoni. Risasi ikageuka oksidi, kikombe kikainywa, hadi punje iliyobaki ikamemetuka ghafla. Punje ilipimwa, ikachemshwa katika asidi ya nitriki iliyoyeyusha fedha, kisha dhahabu iliyosalia ikapimwa peke yake. Mizani ilifungiwa ndani ya kabati la kioo, maana hata pumzi ya mpimaji ingeipotosha.

Henry G. Hanks wa San Francisco alikuwa fundi wa kazi hiyo. Lakini aliyezoea kuuliza jiwe lina nini, bila kujali jibu litamfurahisha nani, ni vigumu aishie kwenye dhahabu. California ilipoanzisha ofisi yake ya madini mwaka 1880, Hanks akawa mtaalamu wa kwanza wa madini wa jimbo hilo. Ripoti yake ya 1883 ilihusu boraksi: unga ambao wapimaji waliuchota kila siku bila kuufikiria, yeye aliufuatilia hadi majangwani unakotoka.

Mwaka 1885, William Earl Hidden alieleza madini mapya kutoka wilaya ya San Bernardino, akayaita hanksaiti kwa heshima yake. Ni chumvi yenye salfeti na kaboneti katika fuwele moja, muungano ulio nadra. Haina dhahabu wala fedha, na majini huyeyuka.

Heshima hiyo ilimfaa. Bei ni swali moja tu ambalo jiwe huulizwa, na mizani iliyonyooka haina haja ya kujua ni nani anayelisubiri jibu.