Fundi Anayesaka Mawimbi

Kwanza anasikiliza. Katika ofisi moja ya ghorofani, Dar es Salaam, fundi wa mtandao anafungua kompyuta mpakato, anachomeka antena na kuiacha programu ikusanye. Kila kituo cha Wi-Fi hujitangaza karibu mara 10 kwa sekunde, kikitaja jina, chaneli na anwani yake ya herufi na tarakimu 12. Anapita chaneli moja baada ya nyingine, anasubiri orodha ijae.

Kisha analinganisha orodha hiyo na daftari la vifaa vilivyosajiliwa. Anwani moja haimo. Hahukumu, maana huenda ni ya jirani wa ghorofa ya juu, naye ana haki ya kurusha mawimbi yake. Anaingia kwenye swichi ya mtandao kutafuta anwani inayokaribiana nayo, kwa kuwa katika ruta nyingi upande wa waya na upande wa mawimbi hupishana kwa tarakimu ya mwisho tu. Anaipata. Kifaa kimechomekwa kwenye mtandao wa ofisi, bila idhini.

Sasa anatembea na antena ya mwelekeo. Nguvu ya mawimbi kwenye skrini: hasi 78 dBm. Anapiga hatua chache, anasimama, anangoja namba itulie, maana mawimbi hugonga kuta na kurudi, na kipimo kimoja hudanganya. Hasi 64. Anajua kwamba kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu imekuwa maradufu. Anaikumbatia antena kifuani na kugeuka polepole, mwili wake ukikinga mawimbi ya nyuma. Hasi 41. Nyuma ya kabati la mafaili kuna ruta ndogo.

Anaipiga picha, anaandika namba ya tundu la ukutani, ndipo anaichomoa. Halafu anauliza kwa upole nani anakaa hapo. Dada mmoja anasema simu za mtandaoni zilikuwa zinakatika, akaleta ruta ya nyumbani.

Fundi anaketi kwenye kiti cha dada huyo na kupima kutoka pale pale anapofanyia kazi, mlango ukiwa umefungwa kama siku zote. Mawimbi ya ofisi yanafika kwa hasi 81, na kelele za redio ni hasi 92. Pengo la desibeli 11 ni dogo mno kwa sauti, inayohitaji kama 25. Pakiti nyingi za data zinatumwa upya. Anapanda ngazi, anahamisha kituo cha Wi-Fi cha ofisi upande wa pili wa kabati la chuma lililokuwa likikinga mawimbi, anarudi kitini na kupima tena: hasi 62, pakiti zinapita.

"Dada, hebu piga simu yako."

Anasubiri mazungumzo yaishe, kisha anaandika vipimo vyote daftarini. Kuchomoa ruta kulichukua sekunde chache. Muda wake mwingi ameutumia kwenye kiti hiki, kwa sababu mtu anayepata mawimbi mazuri mezani pake hana haja ya kuleta ruta nyingine.