Sukhoi ya sentimita 20

Wandugu, kwenye ukurasa huu tunazoea kuchambua vitabu, filme na miziki. Leo niruhusuni nichambue maketi: ndege ya vita Sukhoi Su-25, kipimo cha 1/72, vipande vya plastiki ya kijivu ndani ya sanduku pamoja na karatasi ya maelezo. Binamu alinitumia kutoka Ulaya, na imenikalisha mezani karibu mwezi muzima. Wengine watasema ni mchezo wa watoto. Mutu aliyekaa Goma mwaka 2023 hawezi kusema vile.

Nianze na kinachofaa kusifiwa. Ndani ya Su-25 ya kweli rubani anakaa katika sanduku la titani, na injini mbili zimetenganishwa, moja kushoto, moja kuume, ili moja ikiungua ingine iendelee. Kwenye maketi unajenga kila injini peke yake, unaibandika ubavuni, na mkono wenyewe unaelewa. Tarehe 24/01/2023 Rwanda iliirushia Sukhoi ya FARDC kombora juu ya mji wetu. Kigali ilisema ndege iliingia anga yake, Kinshasa ikasema ni kitendo cha vita. Sisi tuliona ndege inatua kiwanjani Goma, upande mmoja unawaka moto. Nimesikia maelezo mingi juu ya siku ile, lakini kole na plastiki njo vilinionyesha kwa nini ilirudi.

Karatasi inasema pia uweke uzito puani, la sivyo ndege itakalia mkia. Uzito wenyewe ni risasi. Nikauliza nyumbani kama kuna mutu anajua pa kupata risasi kidogo. Mama akaacha kupika. «Risasi? Katika nyumba yangu?» Nikaweka ekru tatu za baiskeli, zikatosha.

Sasa makosa. Alama za kubandika zilizomo ni za majeshi ya wengine. Za Kongo hakuna, wakati Sukhoi zetu zilitoka Georgia na zimekwisha kupiga vita miaka. Hilo ni dogo, nilichora bendera kwa burashi. Kosa kubwa haliko la plastiki, ni la jicho. Maketi inakufanya uangalie ndege kutoka juu, kama mwenye mali. Mabawa yana mita 14 na nusu hivi, kwako ni sentimita 20, unayashika kwa vidole viwili. Tuseme Sukhoi inapita mita 300 juu ya nyumba. Gawa kwa 72: ni mita 4 na kidogo. Dari ya chumba changu haifiki hata mita 3! Ili uione vile tulivyokuwa tunaiona, ungepaswa kuitundika nje ya paa, na wewe mwenyewe uwe na urefu wa sentimita 2 na nusu. Ndani ya sanduku kuna kamtu kamoja ka urefu huo. Ni rubani. Wa chini hayuko.

Na karatasi inapenda uchafu: moshi nyuma ya injini, mafuta yaliyomwagika, rangi iliyochubuka. Inaita hiyo ukweli. Nilifanya yote, tena kwa furaha, sitawadanganya. Lakini moshi wa upande wa ndege njo unahesabiwa, wa upande ule mwingine hapana.

Chini ya mabawa kuna sehemu 10 za kutundika silaha. Mbili za mwisho ni za makombora madogo ya kujikinga na ndege zingine, nane ni za mabomu, roketi na matanki ya mafuta. Mimi niliziacha tupu. Nilijiambia ni juu ya uzuri, mstari wa bawa unaonekana safi. Rafiki mumoja tuliyesoma naye akaitazama na kuuliza: «Unaifichia nini?» Sikuwa na jibu. Siku zile tulikuwa tunaipigia makofi barabarani kwa sababu ilikuwa yetu, halafu usiku tunahesabu ndugu waliobaki upande inakoenda. Ndege isiyo na kitu chini ya bawa inaniruhusu kukumbuka makofi tu. Kama kazi ya mikono ni safi. Kama usomaji wa Sukhoi, ni uongo, na niliutunga mimi, haiko kiwanda.

Mama naye alikuwa ameipita mezani mara nyingi akisema haifanani.

Jumapili nilibandika roketi na mabomu, yote nane. Jioni mama aliichukua, akainyanyua juu ya kichwa, akaangalia tumbo lake kwa muda.

«Ndiyo,» akasema. «Ni hii.»

Kole ilikuwa haijakauka, bomu mbili zikapinda. Sijazinyoosha.