Mila na Shauri katika Riwaya za Chinua Achebe

Riwaya ya kwanza ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, ilichapishwa London mwaka 1958. Wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1973 katika tafsiri ya Clement Ndulute, iliyotolewa Nairobi kwa jina la Shujaa Okonkwo. Jina hilo lina haki yake. Kiswahili kina mapokeo marefu ya tendi, na msomaji aliyelelewa na habari za Liyongo hujua mara moja namna ya kumpokea mtu wa aina hiyo. Walakini jina limebadili jambo kubwa. Jina la Kiingereza, lililotwaliwa katika shairi la W. B. Yeats, halimtaji mtu yeyote. Lataja mambo yaliyokuwa yameshikamana na sasa yanaachana. Jina la Kiswahili lamtaja mtu mmoja na kumvika sifa. Hivyo swali la riwaya, yaani ni kitu gani hasa kilichovunjika Umuofia, limejibiwa kabla ya kuulizwa: ameanguka shujaa.

Jibu hilo huafikiana na usomaji uliozoeleka, ule wa kuipima kazi ya Achebe kwa methali isemayo kwamba mwacha mila ni mtumwa. Kwa usomaji huo Okonkwo ndiye mila, wamisionari ndio mageuzi, na kisa kizima ni vita baina ya pande mbili. Riwaya zenyewe hazikubali mgawanyo huo. Mila ya Waigbo, kama Achebe aionyeshavyo, si mzigo uliofungwa na wahenga ukapokewa bila kufunguliwa. Ni shauri lililokatwa na watu, ambalo watu wale wale waweza kulirudia.

Ushahidi wa kwanza umo katika habari ya Juma la Amani. Okonkwo ampiga mkewe katika siku ambazo hata neno kali halisemwi, na kuhani wa Ani, mungu wa ardhi, amtoza faini. Mzee Ezeudu asimulia kwamba zamani mvunja amani aliburutwa ardhini mpaka akafa; desturi hiyo iliachwa kwa kuwa iliiharibu amani ile ile iliyokusudiwa kuilinda. Habari hii ni fupi, lakini uzito wake ni mkubwa. Hapana mgeni aliyewafundisha watu wa Umuofia kulegeza adhabu yao. Waliipima desturi kwa kusudi lake, wakaona imepotoka, wakaiacha, na hapana aliyeitwa mtumwa kwa ajili hiyo.

Huyu Ezeudu ndiye anayekuja baadaye kumwonya Okonkwo asishiriki katika kifo cha Ikemefuna, mtoto aliyekaa nyumbani mwake miaka mitatu akimwita baba. Hukumu imetolewa na mzimu, wala mzee haipingi. Anachosema ni kwamba mkono wa baba usiwemo. Okonkwo aenda, na apiga panga kwa kuogopa kuonwa dhaifu. Rafiki yake Obierika abaki nyumbani, na baadaye amlaumu. Basi ni nani kati yao aliyeshika mila? Mzee mwenye vyeo na mtu mwenye busara wako upande mmoja, na shujaa yuko upande wa pili. Anachokishika Okonkwo kwa nguvu zote ni hofu yake ya kufanana na Unoka, baba yake, mpiga filimbi aliyekufa na madeni. Kuiita hofu hiyo mila ni kuipunguzia mila heshima yake.

Hoja hii yadhihirika zaidi katika Arrow of God, iliyotoka mwaka 1964. Ulu, mungu wa Umuaro, aliundwa na vijiji sita vilivyoungana ili kujikinga na mashambulio ya askari wa Abam. Ezeulu, kuhani wake, akataa uchifu anaopewa na serikali ya Waingereza, naye awekwa kizuizini. Arudipo, viazi vikuu vitakatifu ambavyo hakuvila wakati huo vingalipo, na kwa sababu hiyo akataa kutangaza sikukuu ya mavuno. Mazao yaharibika ardhini. Wazee wamwendea na kumtaka avile viazi vilivyobaki, nao watajitwika kosa hilo vichwani mwao. Mmoja wao, Nnanyelugo, ataja desturi nyingi zilizobadilishwa zamani zilipoanza kuwaumiza watu. Akumbusha kwamba Umuaro ilipata kuwa na cheo cha tano, cheo cha mfalme, nacho kiliachwa. Ezeulu hakubali. Watu wanapeleka viazi vyao kanisani ili wapate kuvuna. Kanisa halikushinda kwa mahubiri. Lilifungua mlango siku ile ambayo mlinzi wa mila aliufunga mlango wa shauri.

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kudhani kwamba Achebe awatwika Waigbo peke yao lawama ya anguko. Watu wa Abame wanauawa kwa bunduki sokoni. Wakuu wa Umuofia wanaitwa kwa hila, wanatiwa pingu na kunyolewa, na faini ya mifuko mia mbili ya kauri yaongezwa na matarishi kuwa mia mbili na hamsini. Lakini yafaa kutazama ni kitu gani kinacholengwa mwishoni. Watu wamekutana kutafuta la kufanya, na matarishi waja kuamuru mkutano uvunjwe. Serikali ya kigeni haikuona hatari kubwa katika ngoma wala katika vinyago. Iliiona katika baraza. Okonkwo naye alikuwa amekwisha kuazimia kwamba, wakiamua au wasiamue vita, yeye atalipiza kisasi chake. Panga lake linamwangusha tarishi, na papo hapo linakata shauri ambalo halijafika mwisho. Amri na panga, ingawa ni maadui, zafanya kazi moja.

Lipo pia swali la nani aliyekuwa na kiti barazani. Waliotangulia kanisani ni wale ambao shauri halikuwafikia: osu, yaani watu waliowekwa wakfu kwa miungu wakatengwa na jamii, Nneka, mwanamke aliyezaa mapacha mara nne na kila mara wakatupwa, na Nwoye, ambaye moyo wake haukupona tangu kifo cha Ikemefuna. Obierika aliwaza peke yake juu ya mapacha wake waliotupwa, asijue kosa lao. Wazo hilo halikusemwa hadharani. Pengine lingesemwa, lingekwenda njia ya adhabu ya kuburutwa. Hapa ndipo ulipo ukali wa hukumu ya Achebe: baraza lenye uwezo wa kujirekebisha lilichelewa kuwasikia wasiokuwemo.

Wala mageuzi yaliyokuja kwa jina la Kristo hayakuimaliza kazi hiyo. Katika No Longer at Ease, ya mwaka 1960, Nwoye amekuwa mzee Isaac, katekista mstaafu. Mwanawe Obi ataka kumwoa Clara, naye Clara ni osu. Baba Mkristo akataa. Mama asema kwamba ndoa ikifungwa angali hai atajiua. Baraza la kutunga sheria la Mashariki ya Nijeria lilikuwa limeufuta utengo wa osu kwa sheria mwaka 1956. Dini ilikuwa imebadilika na sheria imebadilika, lakini hofu ilikuwa ingali imekaa sebuleni. Aliyelikimbia jambo moja la kikatili katika mila amelibeba lingine mpaka kanisani, kwa kuwa halikupata kufikiriwa upya na wale walioliishi.

Kwa hiyo jina la Shujaa Okonkwo, pamoja na uzuri wake, lamweka mtu mahali pa baraza. Jina lenye neno shauri au umoja lingalikuwa na mvuto mdogo zaidi, lakini lingalikaribia zaidi kilichopotea. Kiswahili hakikukosa methali ya kulifaa jambo hilo, maana husemwa pia kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Achebe angeongeza swali moja tu juu yake: wengi hao ni akina nani, na mama wa mapacha amehesabiwa?